Pipa Lisilojaziwa

Wewe ukishika chupa ya divai nyekundu ya bei nafuu, ile inayonunuliwa pamoja na mkate na jibini ikafunguliwa siku hiyohiyo, huwa unajiuliza ndani yake wamo akina nani? Wengi hawaulizi. Wanatazama picha ya nyumba kwenye karatasi iliyobandikwa, wanaangalia bei, wanaitia kikapuni. Siwalaumu. Hata mimi nikinunua maziwa siulizi jina la ng'ombe. Lakini sisi wa hapa chini ya mlima Alaric, ambako hata mtoto akiumwa na jino huambiwa asukutue kwa divai, tunajua kwamba chupa ya namna hiyo haitoki kwenye zabibu za aina moja wala haitoki mkononi mwa mtu mmoja. Kuna Carignan, inayoleta rangi na ukali. Kuna Grenache, inayoleta joto na unene mdomoni. Kuna Syrah, yenye harufu kama ya pilipili manga. Kila moja ikiachwa peke yake inakuwa kama mtu anayejisemea ovyo. Zikichanganywa na anayejua, zinasikilizana.

Kwetu kazi hiyo hufanyika jikoni kwa mdogo wangu Fulcran. Mimi ndiye dada yake mkubwa, Odile, nakaa ng'ambo ya ua tangu mume wangu alipofariki, na kwenye meza ile nimeketi tangu nikiwa mtoto wa kupewa divai iliyotiwa maji. Utaratibu aliuweka baba yetu, au labda babu, sijui. Tukishamaliza sikukuu ya Mtakatifu Vincent, mlinzi wa wakulima wa zabibu, mwezi wa Januari, tunangoja siku ambayo upepo wa Cers unavuma hata huwezi kusimama shambani kupogoa. Siku hiyo wifi yangu Marinette haweki kitunguu saumu motoni. Kahawa hainywewi. Sabuni ya manukato inafichwa. Kitambaa cha meza kinaondolewa, mbao zinasuguliwa kwa maji matupu, na kila tangi la ghalani linaleta chupa yake ndogo. Mwenye kuchanganya anakaa kichwani mwa meza na mrija wa kioo wenye mistari. Anavuta kidogo hapa, kidogo pale, anaangusha ndani ya jagi, anatikisa, anawamiminia wote. Kisha anauliza swali moja tu.

"Inakosa nini?"

Anaanza kujibu mdogo, anamaliza mkubwa, ili wadogo wasije wakafuata midomo ya wakubwa. Kusema ni nzuri hairuhusiwi. Kusema haikosi kitu hairuhusiwi vilevile, kwa kuwa baba yetu alikuwa akisema divai isiyokosa kitu bado hajaiona na anayedai ameiona anataka kuiuza. Unataja kinachokosekana, basi. Inakosa jua. Inakosa mgongo. Inakosa mwaka mmoja wa kufungiwa pipani. Marinette kila mwaka husema inakosa chumvi, tangu alipoolewa. Chumvi ya divai si ile ya chungu. Ni ule uchangamfu unaofanya mate yakutoke ukataka funda la pili.

"Chumvi tena," Fulcran alikuwa akimwambia. "Basi nitie konzi nzima."

"Tia," anajibu Marinette. "Isiponyweka nitachemshia viazi."

Na mtoto wao wa kiume, Ghislain, yeye alikuwa na jibu lake. Anaonja, anafumba macho, anatafuna hewa kama wale majaji wa mashindano ya divai, halafu anasema kwa sauti ya huzuni, "Inakosa mlevi." Kila mwaka. Na kila mwaka tulicheka kama vile hatujawahi kulisikia.

Ghislain alifia kwenye Kilima cha Mbuzi. Ni shamba letu la juu, la Grenache ya zamani, lina mteremko mbaya upande wa mashariki. Trekta lilipinduka naye mwisho wa majira ya baridi, ardhi ikiwa imelowa, na aliyemkuta ni baba yake, aliyekuwa amempelekea chakula. Nitaishia hapo. Mkate ulikuwa bado umefungwa kwenye kitambaa.

Alikuwa ameacha pipa moja. Vuno lake la mwisho la kilima kile hakulitia kwenye tangi pamoja na la wengine. Aliweka kidogo kwenye pipa la mwaloni, pembeni, akisema anajaribu kitu chake. Baada ya mazishi Fulcran aliligongea kizibo kwa nyundo, akayeyusha nta nyekundu juu yake, na akatuambia asiliguse mtu.

Sasa hapa lazima nieleze jambo moja, na mtu yeyote wa kazi hii atakuambia ni hilohilo. Pipa linakunywa. Mbao zinafyonza, hewa inachukua, na kila baada ya wiki chache divai imeshuka. Usipoijazia, hewa inakaa pale juu na divai inachacha. Jambo hilo Fulcran alilijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Marinette alimwendea mara ya kwanza hata matanga hayajaisha vizuri, akiwa na birika dogo la shaba mkononi.

"Tulijazie, Fulcran. Ile Grenache ya tangi kubwa inafanana nayo."

"Inafanana si yeye."

"Litaharibika."

"Hakuna divai ya mtu mwingine itakayoingia kwa mwanangu."

Alimwomba tena mwaka uliofuata, na jibu likawa lilelile. Basi akaliweka birika juu ya kabati na pipa likakaa pale kwenye kona yake, na nta yake, na vumbi lake. Kwenye meza ya kuchanganyia kiti cha Ghislain kilibaki, na mbele yake glasi. Fulcran alimmiminia kidole kimoja kama sisi wengine. Tukishamaliza, Marinette aliichukua glasi ile akaenda kuimwaga kwenye mwaridi ulio mlangoni.

Sasa nije kwa Clémence, kwa kuwa habari hii ni yake.

Clémence ni mtoto wao wa pili. Ni mtu wa mkono wa kushoto, na nyumbani anaitwa Mashoto tangu akiwa wa kulishwa kijiko. Mkasi wake wa kupogoa umetengenezwa kinyume na wa watu wengine, ukiushika kwa mkono wa kulia unakubana ngozi. Akikata tawi, kidonda cha mti kinalalia upande wa pili, hivyo ukipita kati ya mistari unajua palepale, hii ni ya Mashoto, hii si yake. Fulcran alikuwa akiwaonyesha wageni. "Huyu amepita hapa," anasema, na anagusa kidonda kwa kidole gumba. Alikuwa akiona fahari, ila aliwaambia wageni tu.

Tangu utoto alipenda mizabibu kuliko kaka yake. Ghislain alipenda trekta. Lakini mashamba yalikuwa ya mvulana, hilo halikuzungumzwa, lilikuwepo kama ukuta wa nyumba, na Clémence akaenda Toulouse akafanya kazi kwenye duka la viatu, akaishi kwa magoti mbele ya miguu ya watu, kama alivyokuwa akisema mwenyewe. Kaka yake alipofariki alirudi na sanduku moja. Hakuna aliyemwambia karibu na hakuna aliyemwambia ondoka. Asubuhi yake alichukua mkasi wake msumarini akaenda kupogoa.

Alichokitaka hakuwahi kukitamka, lakini mimi nilikuwa nakiona. Kila tulipokaa kwenye meza ile alikuwa hautazami uso wa baba yake, anautazama mrija. Alitaka akae pale kichwani. Alitaka achanganye divai yake, aulize lile swali, na baba yake amjibu. Nyumba nzima ilijua isipokuwa yule wa kumpa.

Miaka ikaenda, hali ikazidi kuwa ngumu. Mvua zilikataa. Watu wa kijijini walianza kung'oa mizabibu, unapita barabarani unaona mashina yamerundikwa kama mifupa, yakingoja moto. Divai yetu nyingi ilikuwa ikiondoka na lori la tangi, inakwenda kumwagwa pamoja na ya wengine, haina jina wala uso. Ndipo akaja Bwana Lestienne, mnunuzi wa kutoka kaskazini, mwenye maduka ya divai nyekundu za bei nafuu zinazotoka kwa familia kama zetu. Mtu mnene, mpole, akishaonja anatema divai mbali sana na hadondoshi hata tone kwenye shati. Alisema anatafuta mchanganyiko mmoja tu kutoka bonde letu, na akiupenda atauchukua kila mwaka, na jina letu juu yake. Kwa nyumba kama yetu neno hilo lilikuwa sawa na kuambiwa ishi.

Vuno hilo Clémence alilisimamia karibu lote. Na ilipofika siku ya upepo, tukiwa tumeketi jikoni, mkono wa Fulcran ukakataa. Ulikuwa umeanza kutetemeka tangu kiangazi. Alivuta Carignan, mrija ukagonga ukingo wa chupa, divai ikamwagika kwenye mbao. Akajaribu tena. Ikamwagika tena.

"Mpe Mashoto," alisema Marinette bila kuinua kichwa.

Fulcran aliupangusa mrija kwa kitambaa, polepole, akausukuma mezani mpaka kwa binti yake. Hakuondoka kwenye kiti, lakini mrija aliutoa.

Clémence alifanya kazi ile asubuhi yote. Alianza na Carignan nyingi kuliko tulivyozoea, kutoka shamba letu la chini, akaiwekea Grenache ya kuilainisha, na Syrah kidogo sana, matone, kama mtu anayetia dawa kwenye jicho. Alimwaga, akaanza upya. Nilimwona anavyoinamisha kichwa kusikiliza ulimi wake mwenyewe. Hatimaye akatikisa jagi mara ya mwisho akatumiminia, na kwenye glasi ya Ghislain pia akamimina. Kisha akakohoa.

"Inakosa nini?"

Sauti ilikuwa ndogo. Yeye ndiye alikuwa mdogo pale mezani, na mwenye kuuliza hajibu, kwa hiyo zamu ikaja kwa mama yake.

"Inakosa chumvi," alisema Marinette, na nikaona midomo yake inataka kucheka. "Lakini safari hii kidogo tu."

Fulcran alikuwa bado ameishika glasi yake. Akaniashiria nimtangulie. Nikaonja. Sikia, nimeonja mchanganyiko wa nyumba ile maisha yangu yote. Ile ilikuwa imesimama wima. Ilikuwa na ukali wa udongo wetu, ule tunaoufichaficha kwa Grenache ili tupendeze, na haikuomba radhi. Nikasema inakosa umri, kwa kuwa ilikuwa lazima niseme kitu.

Tukamgeukia Fulcran. Alionja, akameza, akatazama kiti cha upande wake. Upepo ulikuwa unatikisa vifuniko vya madirisha. Clémence alikuwa ameushika mrija kwa mkono wake wa kushoto na hakuwa anapumua, nilikuwa karibu naye, namwona.

"Inamkosa kaka yako," alisema Fulcran.

Hakusema kwa ubaya. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Marinette aliinuka akaenda kuwasha jiko ambalo halikuhitaji kuwashwa.

"Sawa, baba," alisema Clémence. Akausafisha mrija, akaulaza kwenye sanduku lake.

Mchanganyiko ule ulitengenezwa kwenye tangi la saruji lililo dogo kuliko yote, lile la karibu na mlango, likajaa mpaka shingoni. Bwana Lestienne alikuja akaonja kutoka kwenye bomba. Alionja mara mbili, na ya pili hakutema.

"Nani amechanganya hii?"

"Nyumba," alijibu Fulcran.

"Basi nyumba isiiguse tena," alisema Lestienne. "Msiniwekee kitu, msinitolee kitu. Nikiikuta hivihivi kwenye chupa, tumekubaliana. Na jina?"

"Mashoto," alisema Clémence. Baba yake alimtazama. Lestienne akacheka, akasema watu wa kaskazini watalipenda.

Nilidhani mambo yamekaa vizuri. Clémence alianza kutembea kwa namna nyingine, mabega nyuma. Alichora mwenyewe karatasi ya kubandika, mkasi mdogo uliofunguka kinyume. Jumapili moja ya Machi alikwenda Narbonne kuzichukua kutoka kwa mpiga chapa aliyekubali kumfungulia, na Marinette akafuatana naye kumwona daktari wa macho wa rafiki yake, au ndivyo alivyosema. Nadhani alitaka tu kupanda gari. Mimi nilikuwa nakaanga viazi. Dirishani nilimwona Fulcran anasuuza mpira wa pampu uani. Nikajisemea huyu naye hata Jumapili hapumziki, nikageuza viazi vyangu.

Lori la kujazia chupa lilikuja Aprili. Ni lori refu ambalo ndani yake kuna mashine zote, linapita nyumba kwa nyumba kwa sisi tusio na mashine zetu. Dereva ni Kader, tunamfahamu, kila mwaka nampa keki ya machungwa na kila mwaka ananiambia nikubali anioe. Chupa zilikuwa zimepangwa uani, karatasi za Mashoto ziko kwenye maboksi. Fulcran alitoka nyumbani amevaa koti la Jumapili na amenyoa ndevu. Nilishangaa kidogo. Alikuwa na uso wa mtu aliyeficha zawadi.

Clémence alifungua bomba dogo la tangi avute glasi ya mwisho, kama inavyotakiwa. Akaileta puani.

Akaishusha. Akaimwaga, akaisuuza glasi, akavuta nyingine. Akanusa. Kisha akanipa mimi bila kusema kitu.

Haikuhitaji kuonja. Harufu ilikupanda mpaka kwenye macho.

"Hebu," alisema Kader, akainuka kwenye ngazi ya lori akaichukua. Alikuwa bado na tabasamu la keki. "Bibi, mimi si mtaalamu, lakini kwa mama yangu hii ingekwenda kwenye saladi." Halafu akaona nyuso zetu, akaiweka glasi taratibu juu ya pipa kuukuu la mlangoni, akaenda kuzima injini.

"Ni mpira," alisema Clémence. "Nilipohamisha. Sikuusuuza vizuri ule mpira."

"Uliusuuza," nikamwambia. "Nilikuwepo."

"Basi ni kifuniko cha tangi. Kimepitisha hewa." Akapanda ngazi mbio, akapitisha kidole ukingoni mwa kifuniko, akashuka. "Hakipitishi. Basi zabibu zenyewe. Yale mashada ya mstari wa mwisho niliyaona yamepasuka, nikayapitisha. Niliyaona, shangazi, nikasema acha. Ni mimi."

"Mashada machache hayawezi kufanya hivi."

"Ni mimi," alisema tena. Alikuwa anahesabu makosa yake mbele yetu, moja baada ya jingine, anaingia ghalani, anatoka, anagusa vitu. Marinette alikuwa amesimama mlangoni na aproni yake. Na Fulcran alikuwa amesimama katikati ya ua na koti lake la Jumapili, anamwacha msichana ajichimbe.

Mimi ndiye niliyetazama kona. Kona ile hatukuwa tukiitazama tena, kama vile mtu asivyotazama kidonda alichokizoea. Pipa lilikuwa palepale. Juu yake kizibo kilikuwa kimekaa, kisafi, mbao tupu.

"Fulcran," nikasema. "Nta iko wapi?"

Hakuniangalia. Clémence alisimama. Akalisogelea pipa, akaligonga kwa vifundo vya vidole vyake vya kushoto, na pipa likatoa sauti ya kitu kitupu.

"Lini?" aliuliza.

"Mlipokwenda Narbonne."

"Ulilitia lote?"

"Lote." Alijilamba midomo. "Lestienne aliipenda ikiwa pungufu. Nikasema itakuwaje ikikamilika. Nilitaka muwe pamoja, wewe na yeye, kwenye chupa moja. Nilitaka nikuambie leo, ikishaingia."

"Ulionja kwanza?"

"Sikuweza. Ningewezaje kuinywa?"

"Ulinusa?"

Kader, ndani ya lori lake, alijifanya anafunga skrubu.

"Nilinusa," alisema Fulcran. "Nikajiambia ni kizibo."

Marinette alivuka ua. Ni mwanamke mfupi, na Fulcran ni mrefu, ikambidi anyanyue uso. "Niliomba kulijazia," alimwambia. Hakupandisha sauti. "Ukasema hakuna divai ya mtu mwingine itakayoingia kwa mwanao. Ukamwacha akachacha mle ndani, mwaka hadi mwaka. Halafu unakwenda kumwingiza yeye kwa mwenzake."

Fulcran aligeuza macho kwenye tangi.

"Tangi lilikuwa limejaa," alisema Clémence. Alikuwa akifikiri, uso umekauka. "Ili pipa zima liingie, ilibidi utoe kwanza. Ile uliyoitoa umeiweka wapi?"

"Kwenye tangi kubwa."

Tangi kubwa lilikuwa limenyonywa wiki iliyotangulia. Lori la divai isiyo na jina lilikuja likaondoka nayo, na Clémence mwenyewe ndiye aliyefungua bomba. Alikaa kwenye boksi la karatasi zake. Tuliona anafika palepale tulipofika sisi wote, kwamba hapakuwa na glasi moja iliyobaki mahali popote ya kile alichokitengeneza.

Kader aliondoka, chupa zikabaki uani tupu. Keki yake nilimfungia, akaipokea bila kuniposa. Clémence alimpigia Bwana Lestienne simu akiwa amesimama chini ya mwaridi. Hakumwambia ni nani aliyefanya nini. Alisema tu, "Imeguswa," kisha akasikiliza, akasema "Naelewa, bwana," mara kadhaa. Halafu akapiga kwa wale wa kiwanda cha kukenekea spiriti, wanaochukua divai zilizokufa, akawaambia waje na lori dogo.

Mchana ukafika na hapakuwa na chakula. Tuliingia jikoni kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuingia. Kila mtu akakaa mahali pake, kama punda wanaojua zizi, na kiti cha Ghislain kikawa kitupu mahali pake. Fulcran alikuwa amekuja na glasi ile iliyoachwa juu ya pipa la mlangoni. Aliiweka mbele yake. Akaishika kwa mikono miwili, akainywa. Aliinywa yote, mpaka chini, na siki ile lazima ilimchoma, maana shingo ilikuwa inajikunja kila anapomeza. Hakuna aliyemzuia. Nilifikiri, sasa ndiyo anamnywa.

Alipoiweka chini, machozi yalikuwa yameshuka hadi kwenye kola ya koti la Jumapili.

"Sema unachotaka," alimwambia Clémence. "Ukitaka kilima ni chako. Ukitaka kiti kile kitoke, nitakitoa leo, nitakichoma. Ukitaka kurudi Toulouse sitakuzuia, mama yako na mimi tutang'oa kama wenzetu. Sema tu. Mimi sijui tena cha kukupa."

Marinette alifumba macho. Sanduku la mrija lilikuwa mezani, halijaondolewa tangu asubuhi, kwa kuwa Clémence alikuwa amepanga kupima kidogo kabla ya chupa ya kwanza. Alilifungua. Akautoa mrija, akaugeuza kati ya vidole vya mkono wake wa kushoto, kioo safi kisicho na kitu, na mwanga wa dirishani ukaupitia.

"Ile siku ya upepo," alisema. "Nilipowauliza."

"Ndiyo."

"Mama alisema chumvi. Shangazi akasema umri. Zamu ikawa yako."

"Ndiyo, mwanangu."

"Sikutaka kilima, baba. Wala kiti sikuwa na ugomvi nacho." Akaulaza mrija juu ya mbao, katikati yao wawili. "Nilitaka useme inakosa chumvi."